Tambuu Tamu na Kilichofichwa Ndani ya Jani



Mwenye kupita Parklands usiku wa Jumamosi, baada ya sala ya Isha, atazikuta jamaa nzima zimesimama mbele ya wauza tambuu pale Diamond Plaza: baba, mama, watoto na bibi yao, wakingoja zamu. Wamekwisha kula. Biriani imekwisha, au chapati na mchuzi wa dengu, na sasa wanakitaka kile ambacho Wahindi hukiita paan tamu, nasi tukakiita tambuu. Ni jani bichi lililokunjwa mfano wa pembetatu, likachomekwa karafuu lisifunguke, na ndani yake mna vitu vitamu vya harufu nzuri. Hutiwa lote kinywani kwa mara moja, mashavu yakavimba, na mazungumzo yakakatika kwa dakika mbili tatu. Huko kukatika kwa mazungumzo mimi hukuhesabu miongoni mwa faida zake.

Nimelichagua jambo hili kwa sababu ya swali nililoletewa na mama mmoja akaaye Westlands. Binti yake ana miaka kumi na minne. Tangu alipokuwa na miaka sita amezoea kununuliwa tambuu tamu kila mwisho wa wiki, wala hapana aliyeona ubaya, maana haina tumbaku. Miezi ya karibuni mama ameona ndani ya mkoba wa shule vipakiti vidogo vya popoo iliyokatwakatwa, ikatiwa sukari na manukato, vile viuzwavyo dukani kando ya peremende. Ameona na jambo la pili: mtoto ameacha achari na pilipili, asema kinywa chamuwaka. Mama ameuliza, je, tambuu ni haramu? Na je, pana uhusiano baina ya vipakiti vile na kuwaka huko?

Swali la pili ndilo zito, nami nitalijibu kwa urefu. Lakini haifai kulihukumu jani kabla ya kulijua, na sisi watu wa pwani tuna ujamaa nalo wa zamani sana. Mwaka 1331 yule msafiri mashuhuri Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier, alishuka Mogadishu akapokewa na kadhi. Punde ikaletwa kutoka kwa sultani sahani ya majani ya tambuu na popoo. Mgeni akapewa majani kumi na popoo kidogo, kadhi akapewa kadiri hiyo hiyo, na zilizosalia wakapewa wenzake mgeni na wanafunzi wa kadhi. Kisha yakaletwa maji ya waridi ya Damascus, wakamiminiwa. Baada ya hapo msafiri akateremka hadi Mombasa na Kilwa. Maneno aliyoyatumia kwa Kiarabu, tanbul na faufal, hayako mbali na haya yetu, tambuu na popoo.

Tazameni basi: karibu miaka mia saba iliyopita, nyumbani kwa sultani, tambuu na maji ya waridi ndiyo yaliyokuwa heshima ya mgeni. Wazee wetu waliurithi mpango huo. Nyumba ya Kiswahili yenye kujiheshimu haikukosa chetezo cha udi, mrashi wa maji ya waridi, na kijaluba cha tambuu, mahali pa majani na pa popoo, pa chokaa na pa katu. Mgeni aliyeondoka bila ya kuonjeshwa tambuu alikuwa na haki ya kujiuliza amekosa nini.

Mkusanyo huo wote wa jani, popoo, chokaa, katu na tumbaku uliitwa uraibu. Neno hilo halikuwa na aibu. Mtu akisema «niletee uraibu wangu» ni kama asemavyo leo «niletee kahawa yangu». Leo vijana wetu wakilisikia neno uraibu hudhani ni la bangi na heroini tu, maana ndilo linalotumika katika hotuba na magazeti kwa kila kitu kinachomfunga mtu asiweze kukiacha. Sidhani kama neno lilihama kwa bahati tu. Waliolihamisha walimjua bibi ambaye asipopata tambuu yake asubuhi nyumba nzima itajuta.

Hapa Nairobi tambuu ilipata nguvu kwa ndugu zetu wa Kihindi, Waislamu na Wahindu, waliokuja pamoja na reli na biashara zilizoifuata. Reli ilifika hapa mwaka 1899, na haukupita muda mrefu yakawako maduka ya Kihindi katika mtaa ulioitwa Bazaar, ambao leo ni Biashara Street, hatua chache kutoka Msikiti wa Jamia uliojengwa baina ya miaka 1925 na 1933. Jamaa zao baadaye wakapanda kwenda Ngara, Parklands na Westlands, na tambuu ikapanda nao. Kwa hiyo kijana wa Mombasa au Lamu aliyehamia Nairobi kwa kazi hakuona jambo geni pale kibandani. Aliona jani la bibi yake, lakini limevaa nguo za arusi.

Nguo hizo ndizo ninazotaka tuzivue moja moja.

Jani lenyewe ni la mmea utambaao, jamaa ya pilipili manga, na ndiyo maana lina ukali mdogo ulimini. Mafuta yake ya asili hutoa harufu iliyo karibu na ya karafuu, huondoa uvundo wa kitunguu na thomu, na kutafuna kwake huleta mate mengi, na mate husaidia kukisafisha kinywa baada ya mlo. Wanaodai kwamba jani moja ni lishe kamili ya madini na vitamini wanazidisha. Nani hula majani ya kutosha hata yawe chakula? Manufaa yake ni ya harufu na usafi, na hayo yanatosha.

Ndani hutiwa gulkand, nayo ni petali za waridi zilizokaa katika sukari mpaka zikalainika zikawa kama jamu. Hutiwa shamari, iliki, nazi kavu iliyokunwa, pengine tende zilizokatwa, na vitu vyekundu vya kung'aa ambavyo ni sukari na rangi. Shamari ni dawa ya zamani ya tumbo lililojaa hewa, na Wahindi huiweka peke yake katika kibakuli karibu na mlango wa hoteli, kila atokaye achote kidogo. Hiyo ndiyo desturi yao iliyo bora kuliko zote, na ningependa tuwaige. Gulkand inapendeza, lakini sehemu yake kubwa ni sukari. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu ya kumi ya nguvu ya chakula cha siku, na kwamba ni bora zaidi ishuke hadi nusu ya hapo, yaani kama gramu 25 kwa mtu mzima, vijiko vidogo sita. Tambuu moja kwa wiki haimpeleki mtu mbali. Soda ya mililita 300 aliyoinywa pamoja na biriani yaweza kuwa na gramu 30 na zaidi, na hiyo hakuna aliyeniuliza. Mwenye kisukari, hata hivyo, aiombe bila gulkand, au aichukue shamari aende zake.

Chokaa na katu hupakwa juu ya jani. Chokaa ni kali, tena huichubua ngozi ya mdomo ikizidi. Kazi yake kubwa ni kuitoa nguvu iliyo ndani ya popoo. Sasa tumefika mahali penyewe.

Popoo ni kokwa ya mpopoo, mti jamaa ya mnazi. Kwa muda mrefu watu walidhani, nami nimewasikia hata watu wa elimu wakisema, kwamba ubaya wa tambuu ni tumbaku tu, na ikiondoshwa tumbaku kilichobaki ni kitafunwa cha halali kisicho na neno. Dhana hiyo ilikuwa na msingi wake. Mwaka 1985 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilisema kwamba tambuu yenye tumbaku huleta saratani, na kuhusu isiyo na tumbaku ushahidi haukutosha wakati huo. Lakini wataalamu walikutana tena mwaka 2003, wakiwa na uchunguzi mwingi kutoka India, Taiwan na kwingineko, na hukumu yao ikachapishwa mwaka 2004: tambuu isiyo na tumbaku nayo huleta saratani ya kinywa, na popoo yenyewe imewekwa katika daraja la juu kabisa la vitu vinavyojulikana kumletea binadamu maradhi hayo. Ni daraja lile lile ilimo tumbaku.

Na kabla ya saratani kuna maradhi mengine yanayokuja polepole. Ndani ya popoo mna kiini kiitwacho arekolini, ambacho humchangamsha mtu, humletea joto na jasho dogo, na ndicho kinachomrudisha kibandani. Popoo ikikaa shavuni kila siku, utando laini wa ndani ya kinywa hupoteza ulaini wake, ukawa mgumu na mweupe, ukafanya kama kamba ndani ya mashavu. Mwishowe kinywa hakifunguki sawasawa. Mgonjwa hula kwa shida, na hata daktari wa meno hapati pa kupitishia vyombo vyake. Baadhi ya wagonjwa hao maradhi yao hugeuka kuwa saratani. Na alama yake ya kwanza, mama yangu uliyeniuliza, mara nyingi huwa ni hiyo hiyo uliyoiona: pilipili inawaka kuliko ilivyokuwa, na vyakula vya achari havistahimiliki.

Sisemi kwamba binti ana maradhi hayo. Kinywa huwaka kwa sababu nyingi, vidonda vidogo na upungufu wa damu vikiwa miongoni mwazo. Nasema kwamba haifai kungoja. Mwambie afungue kinywa wima, aingize vidole vyake vitatu baina ya meno ya juu na ya chini. Mtu mwenye afya kwa kawaida huweza. Aweze au asiweze, mpeleke kwa daktari wa meno. Hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko barabara ya Argwings Kodhek, si mbali nanyi. Ukifika, usione haya. Mwambie daktari wazi kwamba mtoto hutafuna popoo, taja vipakiti, taja ni vingapi kwa siku na tangu lini. Madaktari wengi hapa hawaulizi habari ya popoo kwa sababu wagonjwa wengi hawaitumii, na asiyeulizwa hanena.

Nyumbani nako usianze kwa kelele. Mtoto hakuiba, alipewa na wakubwa, wakiwa wamevaa nguo za Iddi, wakicheka naye. Mweleze alichokuwa akikila. Akiacha huenda kichwa kikamuuma siku za mwanzo, akawa na hasira na uzito wa macho, hayo hupita. Mpe shamari na iliki mkobani mahali pa vipakiti, maana mkono uliozoea kutia kitu kinywani hutaka badala.

Ama swali la kwanza, je, ni haramu? Jani, shamari, waridi na nazi ni miongoni mwa vitu vizuri, na asili ya vitu ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kuvikataza. Hapo hapana mjadala. Katika popoo, niwaelezeni njia waliyoipita wanachuoni wetu. Karne ya 16 Imamu Ibn Hajar al-Haytami, ambaye vitabu vyake sisi wafuasi wa Shafi huvisoma mpaka leo, aliulizwa habari ya miraa ya Yemen. Aliwasikiliza walioitumia, akawakuta wanapingana, huyu asema inadhuru na huyu asema haina dhara. Kwa sababu ya kupingana huko hakukata hukumu ya uharamu, bali alishauri watu wajiepushe nayo. Zingatieni alichokitegemea: habari za wenye kujua dhara. Juu ya popoo leo habari za wenye kujua hazipingani tena. Kwa hiyo, kwa ninavyoona mimi, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, haimpasi Muislamu aliyekwisha kulijua dhara hili kujizoesha popoo, wala si halali kwa mzazi kumlisha mtoto wake hali anajua. Mjamzito naye aiepuke kabisa, maana imehusishwa na watoto wanaozaliwa na uzito mdogo.

Wala tusidhani hili ni jambo dogo kwa kuwa lina harufu nzuri. Mwaka 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipotangaza marufuku ya muguka, palikuwa na vishindo, kesi mahakamani na maandamano, na mimbari zetu zote zilinena. Popoo hainenwi, kwa sababu muguka hutafunwa na vijana barazani, na popoo huletwa katika sinia na shangazi. Sheria yetu ya tumbaku ya mwaka 2007 humkataza muuzaji kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18. Tambuu yenye tumbaku imo katika katazo hilo; lakini mtoto anunuaye kipakiti cha popoo tupu kwa pesa yake ya chai haikumbwi na sheria hiyo. Mlinzi wake ni mama yake.

Juu ya wazee, nina neno la upole. Bibi aliyetafuna uraibu miaka hamsini hasahihishwi na mjukuu mezani mbele ya wageni. Binti zake wamwendee faraghani, wamwombe angaa aache tumbaku na apunguze popoo, na wamtazame kinywa kila mara: doa jeupe au jekundu lisilotoka, kidonda kilichopita wiki mbili bila ya kupona, au uvimbe, hayo hayangoji. Mengi ya maradhi haya yakiwahiwa hutibika. Na mkono wake usisukumwe kwa ukali anapompa mjukuu tambuu. Afadhali aandaliwe sinia yake isiyo na popoo, ili heshima yake ya kugawa ibaki.

Ndilo ninalolitaka hasa. Sitaki jani litoweke majumbani mwetu likaachia nafasi biskuti za pakiti. Mwauza tambuu wa Parklands ni watu wa kazi yao, na ukisema «usitie popoo» hutoa bila ya kununa. Wengi wamezoea kuulizwa. Lakini hakikisha unasema kabla hajaanza, maana mkono wake ni mwepesi kuliko ulimi wako, na angalia pia kile kibati cha mchanganyiko wa vitu vitamu, kwa kuwa mara nyingi popoo laini huwa imechanganywa humo tangu mwanzo.

Nyumbani ni rahisi zaidi. Chukua majani mabichi yasiyo na madoa, yaoshe kwa maji yatiririkayo, yafute, ukate kikonyo na mshipa mnene wa katikati. Usipake chokaa wala katu. Popoo isipokuwamo hazina kazi. Tia kijiko kidogo cha gulkand, nayo waweza kuitengeneza mwenyewe: petali za waridi zisizopigwa dawa na sukari, tabaka juu ya tabaka katika chupa safi, jua kwa wiki tatu hivi, ukikoroga kila siku kwa kijiko kikavu. Ongeza shamari iliyokaangwa kidogo, iliki ya kusagwa, nazi, na tende iliyokatwa ndogondogo mahali pa vile vitu vyekundu. Kwa watoto likate jani mara mbili, na karafuu ya kufungia uiondoe kabla ya kuwapa, wasije wakapaliwa.

Wamekuwapo pia wanaouliza kama tambuu hutengua udhu. Haitengui. Lakini alaye baada ya futari kisha akaenda tarawehe asukutue vizuri, maana chembe za nazi na shamari hubaki baina ya meno, na mwenye kuzimeza kwa makusudi ndani ya sala huibatilisha sala yake.